Mawasiliano Kazini kwa Wasaidizi wa Darasa

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wasaidizi wa darasa wa Nakivale katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii. Tuliambiwa tuzungumze juu ya mawasiliano kazini. Tulipopewa kichwa hicho baadhi yetu tulicheka kidogo, maana kazi yetu yote ni kuwasiliana. Ondoa maneno, msaidizi wa darasa anabaki kufuta ubao na kupanga watoto mstari wa uji. Lakini tulipokaa pamoja kuandaa hotuba hii tuliona tunayo ya kusema, na mengine si ya kujisifu.

Kwa wageni ambao hawajaingia katika madarasa yetu, tueleze kwanza kazi yenyewe. Makazi haya ya Nakivale yalianza mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na wakati ule waliokuja walikuwa hasa ndugu zetu wa Rwanda. Leo tuko hapa Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, pamoja na wenyeji wetu Wanyankore ambao watoto wao wanakaa benchi moja na wetu. Mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 unasema mtoto wa P.1 mpaka P.3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake, P.4 uwe mwaka wa kuvuka, halafu Kiingereza kiendelee mpaka mwisho. Lugha ya eneo hapa Isingiro ni Runyankore. Mtoto aliyefika mwezi uliopita kutoka Masisi hana Runyankore wala Kiingereza. Mwalimu naye, ambaye mara nyingi ni kijana wa upande wa Mbarara au Ntungamo aliyetoka chuo cha ualimu, hana Kirundi wala Kisomali, na Kiswahili chake ni cha kuombea njia. Hapo katikati ndipo tunaposimama sisi.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Tulishangilia sana siku ile. Wengine walidhani kazi yetu imekwisha. Sasa tuwasimulie habari ya mayai.

Ilikuwa darasa la P.3, hesabu ya kutoa. Mwalimu aliandika ubaoni kwa Kiingereza, na mwenzetu mmoja aliyekulia Kigoma, katika kambi za Tanzania, akatafsiri kwa Kiswahili safi kabisa: "Mama alikuwa na mayai 20, akauza 8. Sasa ana mangapi?" Nusu ya darasa wakaandika 28. Mwalimu alikuwa mtu wa bidii, hakukata tamaa. Kesho yake alileta vifuniko vya soda, akawahesabisha watoto. Vifuniko 20, ondoa 8: wote wakapata 12 bila shida. Akarudi kwenye mayai. Wakaandika 28. Siku tatu nzima zilikwenda hivyo, na mwisho mwalimu akasema watoto hawa wanafanya makusudi.

Siku ya nne, wakati wa uji, mwenzetu huyo alikuwa akilalamika kwa msaidizi mwingine aliyetoka Kivu. Yule wa Kivu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Ndugu yangu, kwetu *kuuza* ni kwenda sokoni na pesa kuleta kitu nyumbani. Yule anayetoa mali yake apewe pesa, huyo *anauzisha*." Basi watoto wa Kongo walikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Mama alikuwa na mayai 20, akanunua 8, ana 28.

Mkiishia hapo mtadhani hii ni habari ya kuchekesha. Lakini mwenzetu alikaa na jambo hilo siku mbili zaidi bila kumwambia mwalimu. Alituambia baadaye sababu zake, na tulizitambua wote kwa sababu ni zetu pia. Kwanza, aliona aibu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeajiriwa kwa ajili ya lugha. Pili, aliogopa mwalimu atajiona ameumbuliwa. Tatu, kandarasi yake ilikuwa inakwisha mwisho wa muhula, na mtu ambaye kandarasi yake inakwisha hapendi kuonekana na kosa. Katika siku hizo mbili jaribio lilifanywa, likasahihishwa, na alama zikaingia katika kadi. Watoto kadhaa walikwenda nyumbani na kadi inayosema hawajui kutoa. Kosa la neno lilikuwa la bahati mbaya. Zile siku mbili zilikuwa zetu.

Alipokwenda, alikwenda vizuri, na ndiyo maana tunaisimulia. Alisubiri watoto wametoka. Hakusema "Mwalimu, umewaonea watoto." Alisema, "Mwalimu, naomba dakika mbili. Yale mayai, kosa lilikuwa katika neno langu, si katika vichwa vya watoto." Mwalimu alikaa kimya, kisha akaomba kadi zirudishwe. Baada ya hapo akauliza swali moja: "Na maneno mengine je?" Kwa sababu ya swali hilo tulianza kuandika daftari, na habari ya daftari tutaifikia.

Tangu hapo tumejizoeza mambo kadhaa ambayo tunapenda walimu na wenzetu wapya wayajue.

Tunaomba somo kabla ya somo. Msaidizi akiingia darasani bila kujua kitakachofundishwa, anasikia neno "evaporation" kwa mara ya kwanza pamoja na watoto, na hapo hapo anatakiwa alitoe kwa Kiswahili. Atafanya nini? Atabahatisha. Dakika kumi za asubuhi, mwalimu akituonyesha andalio lake, zinatosha kutafuta namna ya kusema kwamba maji ya sufuria yanapanda juu yakawa mvuke. Walimu wengine hutupa dakika hizo kwa moyo. Wengine hufika wamechelewa kwa sababu boda boda imekwama kwenye tope, na hilo tunalielewa. Basi watuachie daftari mezani jioni, tutalisoma wenyewe.

Hatumsahihishi mwalimu mbele ya watoto. Wenzetu waliosoma Kongo na Burundi wakumbuke kwamba hata sisi kule tungemchukia mtu wa namna hiyo. Lakini pia hatuachi kosa liendelee saa nzima kwa ajili ya adabu. Katika darasa moja mwalimu na msaidizi walipatana ishara: msaidizi akiweka chaki ukingoni mwa meza, mwalimu anawapa watoto zoezi fupi na wawili hao wanasemezana. Watoto hawajui chochote. Ni jambo dogo, lakini limeokoa vipindi vingi.

Tunasema kilichosemwa. Hapa tujikosoe. Mwalimu anasema sentensi moja, na msaidizi anahubiri dakika tano, anaongeza methali, anawagombeza waliochelewa. Mwalimu amesimama anatazama dirisha, hajui darasa lake limekwenda wapi. Na mwisho tunauliza, "Mmeelewa?" Watoto wote, "Ndiyooo!" Huyo mtoto wa nyuma anayeitikia kwa sauti kuliko wote ndiye hakuelewa hata kidogo. Siku hizi tunamwambia mtoto atuonyeshe: chora, hesabu, mwambie mwenzako.

Kuna jambo moja ambalo hatukukubaliana, na tunalileta mbele yenu bila kuficha. Mwalimu akitoa neno kali la kumdharau mtoto, je, tulitafsiri? Baadhi yetu wanasema mkalimani hachagui. Wengine wanasema mtoto aliyeona yale aliyoyaona njiani hawezi kutukanwa mara mbili, mara kwa Kiingereza na mara kwa lugha ya mama yake. Tulibishana mpaka taa ikazimwa. Waliobaki mwishoni walikubaliana angalau hili, kwamba kulibadilisha neno kimya kimya si vizuri, kwa sababu mwalimu atadhani limefika. Ni bora kumwambia, kwa sauti ya chini, "Hilo sijalipeleka, mwalimu." Ama fimbo, hapo hapana mjadala. Sheria ya Watoto ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni, na sisi hatumshikii mtu fimbo wala hatumshikii mtoto.

Mawasiliano yetu hayaendi upande mmoja tu, kutoka ubaoni kwenda kwenye benchi. Yako mambo ambayo mwalimu hawezi kuyaona bila sisi. Mtoto aliyeanza shule Bukavu anajua herufi kwa Kifaransa. Mwalimu anapomtajia herufi ya E kwa Kiingereza, sikio lake linasikia I, na anaandika I. Anakosa imla nzima, na kumbe anasikia vizuri na anaandika vizuri. Mtoto wa Kisomali akisoma "ben" badala ya "pen", Kisomali hakina sauti hiyo ya P. Amesoma sawasawa, ulimi ndio haujazoea. Mtoto aliyefundishwa kugawanya kwa mtindo wa Kifaransa anaweka kigawanyo upande wa kulia, na mwalimu akiona anapiga mkasi mwekundu kabla ya kufika kwenye jibu, ambalo ni sahihi. Kila moja ya mambo haya ni sentensi moja tu ya kumwambia mwalimu. Tusipoisema, mtoto anaitwa mzito.

Na siyo lugha tu. Mwenzetu mmoja aliona mtoto anayefuata maelezo vizuri akikaa mbele, lakini mwalimu akigeukia ubao anapotea kabisa. Alimwambia mwalimu alichokiona, bila kujifanya daktari: "Anaitika anapoona midomo yangu tu." Mwalimu alimwita mzazi, mzazi akaenda kituo cha afya, na mtoto akapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Ilionekana masikio yana ugonjwa wa muda mrefu. Kwa mwaka mzima kabla ya hapo, mtoto huyo alikuwa akiitwa mkaidi.

Tukitaja Mbarara, turuhusuni tuseme kidogo juu ya semina. Baadhi yetu tulipelekwa huko siku mbili kujifunza mawasiliano kazini. Safari ya taksi kupitia Kaberebere, vumbi mpaka kwenye kope, na chakula kizuri tulipofika. Tulifundishwa kuandika barua rasmi, kutoa taarifa, kusikiliza. Tunashukuru. Lakini lililotufaa kuliko yote lilitokea kwa bahati, katika zoezi la barua. Mwenzetu kutoka Uvira aliandika kwa Kiingereza kumwomba mwalimu mkuu ruhusa ya siku moja, akaandika: "I demand permission." Mwezeshaji akasita, akamwuliza kama ana ugomvi na mkuu wake. Yeye alishangaa. Kwa Kifaransa *demander* ni kuomba tu, tena kwa heshima. Kwa Kiingereza "demand" ni kudai, kama mtu anayegonga meza. Chumba kizima kikanyamaza, kwa sababu wengi wetu tuliosoma Kifaransa tulikuwa tumekwisha kuandika barua za namna hiyo. Mmoja akakumbuka ombi lake lililokataliwa bila maelezo, na mwalimu mkuu ambaye baada ya hapo hakumsalimu vizuri muhula mzima. Tunawaomba walimu wakuu na maofisa walioko hapa: mkipata barua yetu yenye makali, tuulizeni kwanza. Huenda tulikuwa tumepiga magoti.

Sasa tuseme lile ambalo hatupendi kulisema.

Miaka michache iliyopita, katika shule mojawapo, jina la msichana wa P.7 katika rejista halikulingana na jina lililo katika karatasi yake ya ukimbizi. Mnajua mambo haya yanavyotokea: Mpakani mtu anaandika anavyosikia, shuleni mwingine anaandika anavyosikia. Usajili wa mtihani wa mwisho wa msingi ulikuwa unafungwa, na shule ilitaka mzazi alete ile karatasi ili jina lirekebishwe. Mmoja wetu alipewa kazi ya kumjulisha mama. Alikuwa na haraka. Alimkuta msichana getini, akamwambia kwa lugha ya kwao kwamba mama aje ofisini *ejo*, yaani kesho.

Wanaojua Kinyarwanda na Kirundi wameshatangulia kuelewa. *Ejo* ni kesho, na *ejo* ni jana. Anayesema sentensi kamili anaeleweka. Lakini mtoto alifika shambani amechoka, mama anapalilia, akasema kwa kifupi tu: habari ya usajili, *ejo*. Mama akasikia jana. Akajua siku imepita, na yeye ndiye aliyechelewa. Aliona haya kuja kuuliza. Orodha ikapelekwa bila jina.

Mwezi wa Novemba wenzake waliingia kwenye mtihani. Yeye alirudia P.7 mwaka uliofuata, akiwa mkubwa kuliko wote darasani. Tulipokwenda nyumbani kwao kuomba radhi, mama alitukaribisha, akatupa viti, na alisema neno moja tu: "Mlisema ejo." Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

Hatusemi hivi kumlaumu mwenzetu, ambaye mpaka leo akiona msichana huyo anabadilisha njia. Tunasema kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kutuma ujumbe mzito kwa kinywa cha mtoto. Tangu hapo hatufanyi hivyo kwa jambo lenye tarehe. Tunaandika katika karatasi, siku na tarehe, kwa lugha ya mzazi, na kama mzazi hasomi tunakwenda wenyewe au tunamtuma kiongozi wa kijiji. Mzazi anarudisha ujumbe kwa maneno yake, ili tujue kilichofika. Na tarehe tunaitaja na jina la siku, Alhamisi tarehe fulani, hatusemi kesho.

Vivyo hivyo kwa saa. Tangazo likiandikwa "mkutano saa 2" na mtu anayefikiri kwa Kiingereza, wazazi watafika saa mbili asubuhi, watakaa juani mpaka saa sita, wataondoka, na saa nane mchana mwalimu mkuu atakuta viti vitupu na kusema wazazi wa kambi hawajali elimu. Limetokea zaidi ya mara moja. Tunaandika sasa "saa nane mchana, baada ya chakula".

Jambo la mwisho katika upande wetu ni siri. Mtoto humwambia msaidizi mambo ambayo hamwambii mwalimu, kwa sababu tunaongea kama mama yake anavyoongea. Mengine ni mambo ya kuumizwa, nyumbani au njiani. Maneno hayo hayaendi bombani kwenye foleni ya maji. Yanakwenda kwa mwalimu mkuu au kwa mtu wa ulinzi wa mtoto, siku hiyo hiyo, na ikiwa yanamhusu mmoja wa hao, ipo simu ya bure 116, inayopokelewa kwa ajili ya watoto nchini Uganda nzima. Hatumwahidi mtoto kwamba hatutamwambia mtu. Tunamwambia tutamwambia nani.

Kwa mashirika na ofisi tuna maombi machache. Misaada ilipopunguzwa mwaka 2025 baadhi ya wenzetu waliondoka, na waliobaki wanahudumia darasa zaidi ya moja. Hatukuja leo kulia juu ya hilo; mmelisikia katika mikutano mingine na mtalisikia tena. Tunaomba tu kwamba kandarasi zinapokwisha tuambiwe mapema, tena kwa maandishi, kama tunavyotakiwa sisi kuwaambia wazazi. Tunaomba msaidizi apangwe kwa lugha za watoto walioko, si kwa nafasi iliyokuwa wazi, kwa maana mwenzetu wa Kirundi akiwekwa katika darasa la Wasomali wengi, pale Base Camp, anabaki kunyoosha vidole. Na tunaomba kuitwa katika kikao cha walimu, hata kama tutakaa nyuma. Mambo mengi tunayaokota kwenye korido, na ya korido hufika yamevunjika.

Tulisema tutarudi kwenye daftari. Lilianza na neno *kuuza*. Sasa lina kurasa 11. Limo *ejo*, na limo *lobi* la Kilingala, ambalo nalo linafanya mchezo ule ule wa jana na kesho. Limo *masomo*, ambalo kwa Mkongo ni shule yenyewe na kwa Mtanzania ni yale yanayofundishwa ndani yake. Limo *posho*, ambalo kwa waliokulia Tanzania ni fedha ya mkononi na kwa wenyeji wetu ni ugali. Tangazo la "posho Ijumaa" liliwahi kuleta watu wenye sahani, na tunaona wanaocheka ni wale waliokuwapo.

Daftari liko mezani kwa Katibu wa Kamati, karibu na kitabu cha wageni. Kalamu imefungwa kwa uzi, tafadhali isiondoke. Mwenye neno linalomchanganya mtoto wake aliandike, na aandike kijiji na lugha yake, ili tujue pa kumfuata kumwuliza. Asiyeandika amwambie mmoja wetu. Tumevaa vitambaa vya bluu begani. Kisomali kina ukurasa mmoja tu mpaka sasa, na Kitigrinya hakina hata mstari.